Hesabu ya Pumzi Moja

Mkarafuu hauna uvumilivu na mtu mzito.
Tanzu lake hukatika kavu, kama kaki.
Shaame alikuwa juu, pakacha limefika nusu,
mimi chini nachambua makonyo.
Nikasikia *kwa!*
Mchumo wetu wa mwaka juzi uliishia hapo.

Shingo, walisema hospitali. Uti.
Habari ya miguu niliielewa, na ya mikono pia.
Ya kifua hakuna aliyeniambia:
kwamba mbavu nazo zina kamba zake,
zikikatikia juu
mbavu hukaa tu, kama dema juu ya mchanga.
Kinachovuta hewa ni kiwambo peke yake.
Sabiha aliposema kiwambo
mimi nilifikiri ngoma.

Huja Jumatatu na Alkhamisi kutoka Wete,
pikipiki imemtia vumbi hadi kwenye kope.
Alichukua kiganja changu akakilaza juu ya kitovu cha mume wangu.
"Shaame, nyanyua mkono wa mkeo."
Ulinyanyuka unene wa ukucha.

Kisha mrija, na chupa ya maji nusu.
Apulize polepole, mapovu yasikatike.
Nassir akapiga kelele, "Baba anachemsha maji!"
na Shaame, asiyependa kuchekwa tangu nimjue,
akacheka bila sauti.
Kicheko kikamla pumzi yote.
Tukakaa kimya, tukisubiri irudi.

Halafu hesabu: avute mara moja, ahesabu mpaka iishe.
Moja. Mbili. Ta
Nikaandika ukutani kwa mkaa: 2.
"Andika mbili na nusu," Sabiha alisema.
"Hiyo *ta* ameitoa jasho."

Usiku wa mvua kubwa umeme ulikatika,
kimashine cha kunyonya makohozi, tena cha kuazima, kikanyamaza.
Kifuani mwake mlikuwa na mlio wa buruma.
Niliwasha tochi ya simu nikaona midomo yake,
nikatamani nisingewasha.
Nikamgeuza ubavu. Nikamrudisha chali.
Vitako vya viganja chini ya mbavu, kama nilivyofunzwa.
Vuta. Usitoe, ongeza juu yake. Ongeza tena.
Sasa!
Nikasukuma ndani na juu, naye akakohoa,
kikohozi chake kidogo na mikono yangu nyuma yake.
Hapana.
Tena. Hapana.
La tatu likaja, zito, la kijani,
likatua kwenye kanga yangu ya Idi.
Nimeshukuru kwa mchele, kwa mtoto aliyezaliwa analia;
sikujua kama ipo alhamdulillahi ya kohozi.

Asubuhi Bi Mafunda alileta kombe kwenye bakuli la bluu.
Sikumkatalia, na kwa nini nimkatalie?
Nilimwambia tu: kwanza tumkalishe,
kidevu chini, fundo dogo, ameze, apumzike.
Bi Mafunda akaniangalia.
"Umekuwa daktari wewe."
Nimekuwa nusu ya kifua cha mtu, Bi Mafunda.
Sikusema. Nilishika bakuli.

Ukutani mkaa umeteremka hadi kwenye mkeka:
4, 7, 7,
5 (mafua ya Nassir yalimwingia),
9, 11, 11.

Jana tulianika karafuu za shemeji uani.
Wanawake tunachambua, maneno ndiyo yanatukimbiza,
hakuna aliyeangalia juu.
Dirishani kwake yeye hana jingine ila juu.
"Mvua! Mize! Mtaziacha zirowe?"
Pumzi moja. Ikafika mpaka barazani kwa Bi Mafunda,
na yeye hasikii vizuri.
Tulikimbia, tukakunja majamvi, kona moja ikarowa.

Nikaingia ndani nikitweta, mimi wa mbavu nzima.
Shaame alikuwa amekunja uso,
anavuta taratibu, anajaza, anaongeza juu yake,
kumbe lawama ya ile kona bado hajaimaliza.

Nikakaa kitandani kumsubiri.
Mkaa niliusahau.